Magazeti yaeleze kwa usahihi ni kiumbe gani kilicho hatarini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalonisumbua kila ninaposoma habari za mazingira katika magazeti yetu ya Kiswahili. Tunaandika kwa wepesi mno kwamba kiumbe fulani kiko hatarini kutoweka, au kwamba kingine hakina shida yoyote, bila kumweleza msomaji ni spishi gani hasa inayozungumzwa, imepimwa na nani, kwa kipimo gani, na katika sehemu gani ya dunia. Ili nisiishie kulalamika tu, nimechagua viumbe viwili ambavyo havina undugu wa karibu wala makazi ya pamoja, kimoja mmea wa maua na kingine ndege wa baharini, kwa kuwa vikiwekwa bega kwa bega vinaonyesha jinsi tunavyoweza kupotoka.

Mmea ni mbuni wa kahawa ya arabika, ambao wasomaji wako wa Kilimanjaro, Mbinga, Mbozi, Nyeri na Kivu wanaupalilia na kuupogoa kila mwaka. Ndege ni buabua mgongo-mweusi, mweusi juu na mweupe chini, mwenye mkia uliogawanyika, ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona kwa sababu hukaa mbali sana na pwani. Ukimuuliza mtu yeyote mtaani ni kipi kati ya viwili hivi kilicho hatarini, atakutajia ndege, maana kahawa anaiona kila mahali na buabua hamwoni popote. Orodha Nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, inasema kinyume chake: mbuni wa arabika umo katika daraja la viumbe vilivyo Hatarini, na buabua mgongo-mweusi amewekwa katika daraja la Wasiwasi Mdogo, yaani la viumbe visivyo hatarini.

Kabla ya kueleza kwa nini iko hivyo, sina budi kuanza na uainishaji, kwa sababu daraja la uhifadhi hupewa spishi, na asiyejua spishi inaanzia wapi na kuishia wapi hawezi kujua kilichopimwa. Viumbe vyote viwili vilipewa majina ya kisayansi na Carl Linnaeus wa Sweden. Kahawa aliiita Coffea arabica mwaka 1753, akiamini kwamba asili yake ni Uarabuni, kwa kuwa Ulaya ya wakati ule ilipata kahawa yake kutoka Yemen. Leo tunajua kwamba mibuni ya porini ya aina hiyo ni ya misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia na ya uwanda wa Boma nchini Sudani Kusini, na imerekodiwa pia katika Mlima Marsabit nchini Kenya. Buabua naye Linnaeus alimpa jina mwaka 1766, akamweka katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Sterna pamoja na buabua wengine karibu wote.

Mbuni ni wa himaya ya mimea, oda ya Gentianales, familia ya Rubiaceae, ambayo ndani yake umo pia mkwinini, mti uliotupatia dawa ya malaria kwa karne kadhaa. Buabua ni wa himaya ya wanyama, ngeli ya ndege, oda ya Charadriiformes, familia ya Laridae, anayoishiriki na shakwe. Kwa hiyo viumbe hivi vinaachana kwenye ngazi ya juu kabisa, na babu yao wa pamoja aliishi zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Hata kanuni za kutoa majina ni tofauti, kwani wataalamu wa mimea wana zao na wataalamu wa wanyama wana zao, kiasi kwamba jina la jenasi linaweza kutumika kihalali pande zote mbili: Oenanthe ni jenasi ya mimea ya jamii ya karoti na wakati huohuo ni jenasi ya ndege wadogo wa nchi kavu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba jina la kisayansi liandikwe lote, sehemu zake mbili, na liambatane na maelezo ya kiumbe chenyewe.

Uainishaji huu haujakaa palepale, na hapo viumbe vyetu viwili vinafanana. Mwaka 2005 uchunguzi wa vinasaba vya buabua ulionyesha kwamba buabua mgongo-mweusi na ndugu zake wachache wana ukoo wao wenyewe, wakaondolewa katika Sterna na kurudishwa katika jenasi ya zamani ya Onychoprion, na sasa jina lake ni Onychoprion fuscatus. Mwaka 2011 jenasi nzima ya Psilanthus iliunganishwa na Coffea, na hivyo idadi ya spishi za kahawa ikaongezeka bila mbuni hata mmoja kuota. Mwandishi asiyejua mabadiliko ya namna hii anaweza kuona orodha ya zamani na orodha mpya, akahesabu tofauti, na kuwatangazia wasomaji ongezeko au upungufu ambao haukutokea msituni wala baharini.

Nikae kidogo kwenye kahawa, maana hapa ndipo penye utajiri wa habari usiofika kwa wasomaji wetu. Mbuni wa arabika ni chotara. Wazazi wake ni Coffea canephora, ambao sisi tunaujua kwa jina la robusta na ambao Wahaya wa Bukoba walikuwa wakitafuna buni zake tangu kabla ya kuja kwa Wazungu, na Coffea eugenioides, mbuni mdogo wa porini unaoota katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria. Wazazi hao wana kromosomu, yaani nyuzi za seli zinazobeba urithi, 22 kila mmoja, na arabika ina 44, yaani ilibeba urithi wote wa pande mbili. Ua lake jeupe, lenye harufu inayokaribiana na ya asmini, linaweza kujichavusha lenyewe, na kwa sababu hiyo mmea mmoja uliopelekwa mbali uliweza kuzaa shamba zima. Ndivyo ilivyotokea: miche michache iliyotoka Yemen ilipita katika bustani ya Amsterdam, katika bustani ya mfalme wa Ufaransa na katika kisiwa cha Réunion, na kutokana na hiyo ikapatikana sehemu kubwa sana ya arabika iliyoenezwa duniani, pamoja na ile iliyoletwa na wamisionari kwetu Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19.

Matokeo yake ni kwamba mamilioni ya mibuni mashambani yametoka kwa wazazi wachache mno na vinasaba vyake vinakaribiana sana. Ugonjwa wa kutu ya majani ulipoingia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1869, uliangamiza kilimo cha kahawa cha kisiwa kile, na wakulima wakageukia chai. Wakulima wetu wanaijua kutu hiyo, na wanaijua chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na wengi wao leo wanapanda miche vumilivu inayotoka kwenye utafiti, ikiwemo kazi ya kituo cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, kule Lyamungo. Jambo ambalo hawaambiwi mara nyingi ni kwamba ukinzani dhidi ya kutu katika aina nyingi za kahawa duniani ulitokana na chotara kati ya arabika na robusta aliyejiotea mwenyewe katika kisiwa cha Timor, akagunduliwa katika miaka ya 1920. Bila spishi nyingine ya kahawa kuwapo karibu, ukinzani huo usingepatikana. Tena mbegu za kahawa hazivumilii kukaushwa na kugandishwa kwa miaka mingi kama zivumiliavyo mbegu za mahindi au mtama, kwa hiyo haiwezekani kuzifungia katika ghala la baridi na kuusahau msitu. Akiba ya kahawa ni mmea ulio hai, ama katika shamba la hifadhi ama katika msitu wake wa asili.

Sasa turudi kwenye daraja. Orodha Nyekundu, iliyoanza mwaka 1964, hupima idadi ya viumbe vinavyoishi porini, katika maeneo yao ya asili. Mibuni ya mashambani, hata ingefunika milima yote ya Brazil na Colombia, haiongezi chochote katika hesabu hiyo. Ili spishi iwekwe daraja la Hatarini kwa kigezo cha kupungua, sharti iwe imepungua, au itarajiwe kupungua, kwa asilimia 50 au zaidi katika miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea kipindi kilicho kirefu zaidi. Watafiti wa bustani ya Kew ya Uingereza pamoja na mwenzao wa Ethiopia walichapisha mwaka 2019 uchunguzi unaoonyesha kwamba kama tungeangalia yaliyopita peke yake, arabika ya porini ingebaki katika Wasiwasi Mdogo. Walipoingiza makadirio ya mabadiliko ya tabianchi, ilionekana kwamba idadi yake inaweza kupungua kwa nusu au zaidi ifikapo mwaka 2088, na hapo ikastahili daraja la Hatarini. Mwaka huohuo watafiti wa Kew walitathmini spishi zote 124 za kahawa zilizojulikana wakati huo na kukuta 75 kati yake, yaani asilimia 60, zikiwa katika madaraja ya hatari. Robusta yenyewe imo katika Wasiwasi Mdogo. Kwa hiyo mwandishi anayesema kwamba kahawa iko hatarini amesema kweli nusu tu, kwa kuwa vikombe viwili vilivyopangwa mezani, kimoja cha Moshi na kingine cha Bukoba, vinatoka kwa spishi mbili zenye madaraja mawili tofauti.

Buabua naye ana hoja zake. Anazaliana katika visiwa vya kitropiki vya Atlantiki, Bahari ya Hindi na Pasifiki, na idadi yake duniani huhesabiwa kwa mamilioni mengi. Kisiwa cha Juan de Nova katika mlangobahari wa Msumbiji kina moja ya makundi makubwa kabisa ya ndege huyu katika bahari yetu, na huko Shelisheli mayai yake yamekuwa chakula cha msimu kwa vizazi kadhaa na uokotaji wake umewekewa sheria. Ndege mwenye eneo kubwa hivyo na wingi huo hafikii kigezo chochote cha hatari kwa kipimo cha dunia, na waliomweka katika Wasiwasi Mdogo hawakukosea.

Hata hivyo, daraja la dunia halisemi lolote kuhusu kisiwa kimoja. Katika kisiwa cha Ascension, kusini mwa Atlantiki, buabua hao walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika vizazi vitatu. Paka walioletwa na mabaharia waliwala kwa muda mrefu hadi walipomalizwa na kisiwa kikatangazwa mwaka 2006 kwamba hakina tena paka wa mwituni, lakini panya na ndege wa kigeni waitwao maina waliendelea kuharibu mayai. Kama watu wa Ascension wangesoma neno Wasiwasi Mdogo na kuridhika, wangempoteza ndege wao huku dunia ikiendelea kuhesabu mamilioni kwingineko.

Sisi tunacho kisiwa cha kutufanya tulitafakari hilo kwa dhati. Fungu Kizimkazi, ambacho ramani nyingi hukiita Latham, kiko baharini kusini-mashariki mwa Unguja. Ni kijisiwa tambarare cha matumbawe kisicho na wakazi, na kimetambuliwa kimataifa kuwa eneo muhimu kwa ndege. Buabua mgongo-mweusi huzaliana pale pamoja na ndege wengine wa bahari kuu, na katika pwani yote ya Afrika Mashariki mahali pa namna hiyo ni pachache mno. Buabua huyu hutaga yai moja tu, juu ya ardhi tupu, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Kinda akisharuka huenda bahari kuu na kukaa huko miaka bila kurudi nchi kavu, ilhali manyoya yake hayazuii maji vizuri na hivyo hawezi kupumzika juu ya maji kwa muda mrefu kama shakwe. Maisha yake yote ni ya angani, isipokuwa majuma machache ya kulea yai na kinda, na ni katika majuma hayo anapokuwa mikononi mwetu. Boti moja ya watu wanaookota mayai, au panya wachache wakishuka kutoka chomboni, wanaweza kuharibu msimu mzima wa kundi.

Liko pia suala la chakula. Buabua hazamii, huokota samaki wadogo na ngisi walio juu ya maji, na mara nyingi hao hufika juu kwa sababu wanakimbizwa na jodari kutoka chini. Wavuvi wanaotafuta jodari hutazama ndege, na ndege hutafuta jodari, kwa hiyo uvuvi wa jodari uliopindukia ni pigo kwa wote wawili. Hapa nina maoni yangu, ambayo nayasema kama mwalimu na si kama mtafiti: arabika ilipandishwa daraja pale wataalamu walipokubali kuyahesabu yajayo, na naona ni haki kuuliza iwapo ndege wa bahari wanaopimwa zaidi kwa wingi wao wa leo wametazamwa kwa jicho hilohilo, wakati joto la bahari linapanda na visiwa wanavyotagia ni vya chini kama Fungu Kizimkazi.

Tofauti nyingine isiyoandikwa ni ya upimaji wenyewe. Spishi zote za ndege zinazotambuliwa duniani zimekwisha kutathminiwa, kazi inayosimamiwa na BirdLife International, shirika la kimataifa la uhifadhi wa ndege, na hutazamwa upya mara kwa mara. Mimea haina bahati hiyo. Sehemu kubwa ya spishi za mimea bado haijatathminiwa hata mara moja. Basi kusema kwamba mmea fulani haumo katika Orodha Nyekundu si sawa na kusema kwamba uko salama, na kosa hilo nimelisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mfano uko nyumbani kwetu. Watanzania wengi wanamjua chura wa Kihansi, aliyetangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini baada ya maji ya maporomoko yake kupunguzwa na mradi wa umeme, na ambaye alirudishwa baadaye kutoka Marekani alikokuwa akitunzwa. Habari zake ziliandikwa sana, na ilistahili. Lakini korongo hilohilo la Kihansi lina mbuni wake wa porini, Coffea kihansiensis, ulioelezwa kwa sayansi mwaka 2004 pamoja na mwenzake Coffea bridsoniae, pia wa Tanzania, katika makala ya Aaron Davis na Mvungi, na tangu katika kichwa cha makala yao waandishi hao walizitaja spishi zote mbili kuwa ziko hatarini. Nchi inayoishi kwa kahawa kiasi hiki imepata aina mpya za kahawa katika milima yake yenyewe, na sikumbuki kuona habari hiyo ikipewa hata safu moja. Iko mingine pia, kama Coffea fadenii wa milima ya Taita na Pare Kusini, na Coffea zanguebariae wa misitu ya pwani, ambayo imeshikilia jina la Zanzibar tangu mwaka 1790 na wenyeji wachache mno wanajua kwamba ipo.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, na kwa wahariri wenzako, ni la kazi na si la gharama. Habari ya kiumbe kilicho hatarini itaje jina lake la Kiswahili pamoja na la kisayansi, itaje daraja lake kwa jina kamili na mwaka wa tathmini, na iseme wazi kama daraja hilo ni la dunia nzima au la nchi moja au la kisiwa kimoja. Pale ambapo kiumbe hicho hulimwa au kufugwa, mwandishi atenganishe kilichopo shambani na kilichopo porini. Na mwandishi wa habari za kilimo anapokwenda kwenye maonyesho ya Nanenane kuandika juu ya miche mipya ya kahawa, awaulize wataalamu pale bandani ukinzani wa miche ile ulitoka kwenye mbuni gani, na mbuni huo leo unaota katika msitu upi.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu wa Biolojia,
Moshi